Jiko la Bibi Chini ya Sakafu ya Wataliano

Usiniambie niliota. Nilikuwa macho, jua la jioni linanipiga usoni, na wageni wamejaa chumba kizima. Anayesema nadanganya aje Nkololo nimwonyeshe mahali penyewe.

Nilikuwa natembeza watalii kwenye shamba la familia moja ya Kitaliano. Babu yao alikuja zamani za mkoloni, akalima pamba. Mwanawe akaongeza ng'ombe. Sasa mjukuu, dada mmoja anaitwa Paola, ameigeuza nyumba ya babu kuwa ya kulaza wageni wanaokwenda Serengeti. Kazi yangu ilikuwa kuwasimulia historia kama alivyonifundisha yeye: babu alikuta pori tupu, hakuna mtu, akalifyeka kwa mikono yake.

Mikono yake! Bibi yangu mzaa mama alizaliwa hapo hapo, akatolewa akiwa mgongoni kwa mama yake. Niamini, hilo neno "tupu" nililitamka haraka nipite.

Siku hiyo tulikuwa kwenye chumba cha chakula, chenye vigae vyekundu walivyovileta kutoka kwao. Nimefika tu kwenye maneno ya pori tupu, nikaona mwanamke kachuchumaa katikati ya chumba, kajifunga kaniki, anapuliza moto. Moto, juu ya vigae! Mgeni mmoja akapita, mguu wake ukapenya ndani ya yule mwanamke kama unapenya moshi, wala hakushtuka. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilimwamkia kwa Kisukuma, kama ninavyomwamkia mama yeyote mtu mzima.

"Mwadila, mayu."

Naye akaniuliza kwa Kisukuma, "Nani kakwambia hapakuwa na mtu?"

"Wao, mayu."

"Na wewe unawasemea? Watoe. Wanakanyaga jiko langu. Yule mwenye kofia kasimama juu ya mwanangu."

Mwenye kofia alikuwa karibu na dirisha. Nikauliza, mwana yupi?

"Wa kwanza. Nilimzika mbele ya mlango wangu. Walipokuja kutuhamisha niliomba nimfukue niende naye. Mzungu akakataa, akaichoma moto nyumba."

Hapo akainua uso. Ulikuwa uso wa mama yangu mzazi, vile vile, hadi pengo la meno. Nikajua huyu ndiye aliyembeba bibi yangu mgongoni.

"Unaongea na nani?" Paola akaniuliza. Kiswahili anakijua vizuri, kazaliwa hapa. "Endelea na historia."

Nikaendelea, lakini na ile ya yule mama. Nikawaambia wageni kwa Kiingereza kwamba wamesimama jikoni kwa watu. Nikamwambia mwenye kofia asogee, yuko juu ya kaburi la mtoto. Akaruka pembeni.

"Acha ujinga," Paola akasema. "Unawatisha wageni wangu."

"Chimba uone."

"Nichimbe sakafu ya babu yangu?"

"Ni mlango wa mama yake bibi yangu!"

Nilipogeuka, mwanamke hayupo. Mgeni mmoja akainama kugusa vigae pale katikati, akarudisha mkono haraka na kuupuliza. Alikuwa ameungua. Paola aliona kwa macho yake, kisha akanifukuza kazi jioni ile ile.

Baadaye bomba likapasuka chini ya chumba hicho. Fundi aliyevunja vigae ni jirani yetu, akaja kutuambia mwenyewe: kakuta mafiga matatu meusi, na karibu na dirisha mifupa midogo sana yenye shanga. Unajua Paola alimwambia nini? Mwaga zege.

Tulikwenda na mama na wajomba kumwomba mtoto wetu, tumzike kwetu. Tumesimama getini hadi tukachoka. Mlinzi akatoka na jibu: hapa ni mali ya watu, ondokeni. Mama alilia njia nzima. Mimi silii, nimeshiba hasira. Na tangu siku ile, kila jua likianza kushuka nasikia harufu ya nyasi za paa zikiungua. Nimehama nyumba, harufu imenifuata.

Pori tupu bado linasimuliwa pale, wameajiri mwingine. Kwa hiyo nakuonya wewe unayepita. Ukikaribishwa kwenye nyumba nzuri ya zamani, ukaambiwa hapakuwa na mtu kabla yake, uliza waliokuwapo walikwenda wapi. Wakikosa jibu, usivue viatu, usije ukaungua.