Pikipiki ya Mwalimu Niliiua kwa Mdomo Wangu

Nimekosa, jamani! Wala sikukosa kwa kutojua. Nimekosa mchana kweupe, akili timamu, na kitambaa cha mafuta mkononi.

Jina langu halina haja. Mie fundi wa pikipiki hapa mjini Unguja, na skuli sikufika mbali, kwa hivyo mwandiko wangu mnisamehe. Nisikilize tu, ndugu msomaji, kama tumekaa sote barazani, maana hili nikiendelea kulimeza litanipasua.

Kulikuwa na mzee mmoja mtaa wa Malindi, karani mstaafu, akiishi peke yake. Ukumbini mwake, chini ya shuka, alikuwa na pikipiki kubwa ya Kiingereza. Si hizi za kukimbilia sokoni! Ile ni ya kupandia kwa raha zako: kiti cha chini na kipana, usukani umetanuka kama pembe za ng'ombe, tangi jekundu la mviringo. Ukiiwasha haipigi makelele. Inanguruma polepole, kama mtu mzima anayejisemea.

Miaka mitatu, kila Ijumaa baada ya sala, nilikwenda kuifuta vumbi. Bure! Mzee akinicheka, "Wewe kijana utaichubua rangi." Na mie nnafuta huku naota. Nshajiona niko juu yake nakwenda Nungwi, shati limejaa upepo, na Mkunazini madirisha yanafunguka moja baada ya moja kunitazama. Hata jina nilishaipa. Silitaji, mtacheka.

Yule mzee hakuniahidi kitu, hilo nalisema kwa haki yake. Niliyejiahidi ni mie.

Basi mzee akaamua kuhamia Mombasa kwa bintiye. Na pikipiki akamwachia, kwa bei ya bure, rafiki yangu, chanda na pete. Nimwite Makame, ingawa silo jina lake. Makame ni mwalimu, kapangiwa skuli ya Uroa, mbali huko pwani ya mashariki. Mamake, Bi Time, anakaa hapa mjini, mtaa wa Ng'ambo, macho yamezimika kabisa, na mtoto ni huyo mmoja. Kwa basi la shamba Makame alikuwa akimwona mamake mara moja kwa wiki. Kwa pikipiki angelala nyumbani kila siku. Mzee aliposikia hayo akamwita, akampa. Basi!

Wivu, ndugu yangu, haukunijia na pembe. Ulinijia na tabasamu. "Hongera, mwalimu!" nikampa mkono.

Meli ilipokwisha kumchukua mzee, Makame akaileta gereji anaisukuma, meno yote nje.

"Hebu nisomee umri wake na aina yake hasa. Mzee mwenyewe keshasahau, na karatasi zimeliwa na mchwa. Nataka kuagizia vipuri, nisije nikaletewa vya pikipiki ya babu yake."

Watu wengi hawajui. Pikipiki ya namna ile, ukitaka kujua ni ya mwaka gani, hutazami rangi wala kiti, maana hivyo hubadilishwa. Unatafuta nambari zilizogongwa kwenye chuma, pahala pawili: kwenye injini, chini ya silinda, na kwenye fremu, shingoni pa usukani. Unasugua kwa mafuta ya taa, unapaka chaki, unapangusa, na nambari zinabaki nyeupe. Kisha unafungua daftari la fundi mkuu wetu: herufi hii mwaka huu, herufi ile mwaka ule. Nambari mbili zikilingana, pikipiki iko kama ilivyozaliwa. Zisipolingana, imeungwa.

Nikasugua. Nikapaka chaki. Mungu wangu! Zililingana herufi kwa herufi. Ya hamsini na tisa, tena ile aina yenye injini kubwa, ambayo fundi mkuu akiitaja hushusha sauti. Sidhani kama Unguja nzima ilikuwapo ya pili.

Laiti ingekuwa kopo tu, ningemwambia kweli! Uzuri wake ndio ulionitia wazimu.

Makame akainama kutazama. Mie nshapitisha kitambaa, chaki yote imefutika.

"Vipi?"

"Mwalimu, umeuziwa pikipiki mbili."

"Mbili vipi?"

"Injini ya hamsini na tisa. Fremu ya hamsini na mbili. Imeungwa hii." Nikavuta pumzi kama mtu mwenye huruma. "Na fremu hii naijua kwa nambari zake. Mwenyewe alifia juu yake, njia ya Bububu."

Sijui neno lile lilitoka wapi! Wallahi sikulipanga. Hesabu yangu ilikuwa fupi: ataogopa, ataiuza, mnunuzi mie.

Jioni ile ile tulikwenda kwa Bi Time. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba kwa furaha kama kawaida yake. Makame akamweleza. Bi Time akampapasa mkono, akaushika.

"Mwanangu, chombo kilichomwaga damu kina nuksi. Mie sikuoni ukija, nakusikia tu. Sasa unataka kila magharibi nikae nisikilize ngurumo, nisijue ni wewe au ni mauti? Heri uje mara moja kwa wiki, uje mzima."

Na mie nimekaa pale, nakunywa chai yake!

Makame akaitangaza. Lakini Makame ni mtu wa dini, hauzi kitu bila ya kutaja aibu yake. Kila aliyekuja, kabla hajaigusa, aliambiwa, "Imeungwa, na imeua mtu." Watu wakirudi kinyumenyume. Mmoja alikimbia mpaka akasahau kofia yake.

Wiki mbili baadaye nikamfuata.

"Nipe mie, mwalimu. Mie fundi, haitanishinda."

Akacheka. Alipoona sicheki, akanikazia macho.

"Wewe? Hata ukinipa dunia! Nikuuzie kifo, halafu mamako nimwambie nini?"

"Ah, nuksi ni maneno ya watu tu!"

"Mbona siku ile ulipokuwa ukiniambia ulitetemeka? Nilikuona. Mtu hatetemeki vile kwa maneno ya watu. Uliniokoa, ndugu yangu, na mie nnakuokoa. Siuzi! Kesho njoo na spana zako tuivunje, isije ikaua mwengine."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno, nikayameza.

Nikaenda, na spana zangu. Injini alichukua mtu wa Tunguu, afungie mashine ya kukamulia miwa. Magurudumu yalikwenda kwenye gari la mkono. Fremu Makame aliikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma, bismillahi kila akianza, na mie nimemshikia upande wa pili. Machozi yakanitoka. Akadhani namlilia yeye.

"Usilie, bwana. Mali hupita."

Sasa Makame anarudi na basi la shamba, na siku nyengine basi halitoki. Kila jioni mie huenda kumtekea maji Bi Time. Naye huinua mikono, "Mungu akujaalie rafiki anayekutakia mema, kama unavyomtakia mwanangu." Kila dua yake ni bakora!

Jumamosi Makame humsomea mamake gazeti hili, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, haruki hata tangazo. Nami huwa nimekaa nao kwenye mkeka. Barua hii ikitoka nitakuwa pale pale, na sitaondoka.

Vijana wenzangu, nyinyi wenye ufundi wowote, anayekuletea kitu umsomee keshakubali kwamba yeye hajui. Ukimdanganya, hana pa kukimbilia. Na moyo ukikuuma kwa neema ya mwenzio, usiufiche! Mwambie, hata kama utachekwa, "Nakuonea wivu, bwana. Nipandishe na mie."

Makame angenipandisha. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Angecheka, angesogea kitini nikae, na safari za Uroa nusu yake ningeendesha mie. Wallahi, angenipandisha.