Silabi Iliyochelewa

Kipriani Bigilimana alikuwa mtoto wa wakulima wa maharage wa Kitahana, na kwa miaka miwili alikuwa fundi pekee wa kompyuta katika hospitali moja ya misheni wilayani Kibondo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wauguzi walimpenda kwa sababu hakumcheka mtu aliyeshindwa kuwasha mashine.

Mapema mwaka 2014 wafadhili walileta vifaa vya kuunganisha chumba cha matibabu na daktari bingwa wa moyo aliyekuwa Dar es Salaam. Bingwa angeona picha ya ultrasaundi papo hapo na kumwelekeza kwa sauti daktari wa Kibondo. Kabla ya kuanza, mkurugenzi alimtaka Kipriani athibitishe kwamba mtandao wao, uliopita kwenye dishi moja juu ya paa, ungeimudu kazi hiyo. Kipriani alipakua faili kubwa. Likashuka kwa dakika chache, halijapungua hata herufi. Akaandika kwamba mtandao unafaa, akatia saini.

Mwezi Juni, Jumanne asubuhi, Immakulata wa Kumsenga alimleta mwanawe Isack, mwenye miaka sita. Mtoto alikuwa akihema kama aliyekimbia, midomo imegeuka rangi. Maji yalikuwa yamejaa kuzunguka moyo. Kumsafirisha hadi Kigoma kungechukua saa nyingi ambazo hakuwa nazo. Daktari Firdausi, binti wa Tanga aliyepangiwa kazi Kibondo mwaka uliotangulia, hakuwahi kutoa maji hayo peke yake. Akaomba bingwa aitwe.

Picha ilikuja. Sauti ilikuja, ikikwaruza hapa na pale. Kipriani alisimama mlangoni akiwa na wasiwasi wa nyaya tu. Aliona sindano ikiingia taratibu chini ya mbavu, huku bingwa akihesabu milimita. Kisha picha ikaganda, na spika ikasema, "Hapo usukume tena."

Firdausi akasukuma.

Picha iliporudi, bingwa alikuwa akipaza sauti. Damu ilijaa bomba la sindano; ncha ilikuwa imechoma moyo. Walihangaika kwa muda wa saa nzima, na kabla ya adhuhuri mtoto alikata roho. Immakulata alikaa chini ukumbini akirudia neno moja la Kiha, mwana wanje, mwanangu, mpaka sauti ikamkauka.

Bingwa alikuwa amerekodi mazungumzo yote kule kwake. Kamati ya uchunguzi ya hospitali ilipoisikiliza ile rekodi, kila mmoja alisikia wazi: "Hapo usisukume tena." Firdausi alisema alisikia vingine. Wakamuuliza kama alikuwa amechoka. Akasema alikuwa amechoka, ndiyo. Wakaandika hivyo, wakamsimamisha kazi mpaka kikao cha mwisho, naye akaondoka kwenda Kasulu kwa shangazi yake Siti, mwenye duka la vitenge.

Kipriani alikuwa amesikia kile kile alichosikia Firdausi. Lakini hakuulizwa, na alipotaka kusema aliikumbuka saini yake. Alikaa siku nne bila kusema. Mkewe Verediana alimuuliza kama anaumwa, akajibu kwamba hajui.

Siku ya tano alimpigia fundi mwenzake aliyekuwa upande wa bingwa, akamwomba amsomee maneno mia moja kupitia vifaa vile vile, saa nne asubuhi, saa ile ile sindano ilipoingizwa kwa mtoto. Kipriani aliandika alichosikia. Maneno kumi na matatu yalifika yakiwa na pengo. Akazunguka hospitali nzima kuangalia nani alikuwa anatumia mtandao. Ofisi ya uhasibu ilikuwa inatuma makabrasha yake makao makuu, kama kila siku. Wanafunzi wa uuguzi walikuwa wanatazama video. Akawaomba wote wasimame kwa robo saa, akasomewa tena. Maneno yote mia moja yakafika mazima.

Hapo ndipo alipoelewa, na kuelewa kulimuuma kuliko kutojua. Yeye alikuwa amepima upana wa njia tu. Faili likipoteza kipande njiani, kompyuta hukiomba tena, na mpokeaji hajui kama kulikuwa na upungufu. Sauti ya mtu anayezungumza haina nafasi hiyo. Vipande vyake lazima vifike kwa wakati, kwa mpangilio, bila kusubiri nyuma ya mizigo ya watu wengine. Pale Kibondo vyote vilipanga foleni moja, na neno la daktari lilisimama nyuma ya makabrasha ya uhasibu. Kuipa sauti ile njia ya mbele kwenye mashine ya kugawa mtandao kulimchukua dakika ishirini. Alipomaliza aliinamia meza akalia.

Kesho yake alipanda basi kwenda Kasulu akiwa na karatasi zake. Firdausi alikuwa nyuma ya duka, amekonda. Alizisoma karatasi zote, kisha akazisoma tena.

"Kwa hiyo sikusikia vibaya," alisema.

"Hukusikia vibaya, daktari. Hata mimi nilisikia usukume."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza. Mtandao ule niliupitisha mimi. Nilidhani ukiwa mpana basi ni mzuri."

Hakumtukana. Alimwambia kwamba kila usiku alikuwa anajisomea neno lile kwa sauti, kutafuta masikio yake yalikosea wapi, na sasa hajui afanye nini na mikono yake.

Katika kikao cha mwisho Kipriani alieleza yote, pamoja na saini. Wajumbe waliuliza maswali mengi kuhusu dishi. Immakulata, aliyeitwa asikilize, alikaa karibu na dirisha na kanga yake kichwani. Mwishoni aliomba kuuliza.

"Hilo neno lililopotea, lilikwenda wapi?"

Kipriani angeweza kusema kwamba halijulikani. Alimtazama.

"Lilifika, mama. Lilichelewa kidogo sana, chini ya nusu sekunde. Mashine hutupa kinachochelewa."

Mama yule aliitika kwa kichwa, polepole, kisha akasema kwamba yeye alitembea tangu alfajiri asichelewe.

Firdausi alisafishwa jina. Barua ya kumrudisha kazini ilimkuta Kasulu, lakini aliomba uhamisho, na mwaka 2015 alikuwa Tanga akitibu wagonjwa wa nje tu, hagusi sindano ndefu. Kipriani alivuliwa ufundi akapelekwa stoo ya vyandarua na glavu. Aliyemrithi, kijana kutoka Mwanza, alipewa malalamiko ya uhasibu kwamba makabrasha yanakwenda polepole. Alipokuja stoo kuuliza kama anaweza kuiondoa ile njia ya mbele, Kipriani alifunga mlango, akamketisha juu ya boksi, akaanza kumsimulia habari za Isack.