Springi Mbili na Breki ya Katambuga

Juzi sokoni Kibondo nilimkuta mwalimu mgeni, aliyehamishiwa shule moja ya upande wa Mabamba, amesimama mbele ya baiskeli ya mtumba yenye springi mbele na nyuma. Zilikuwepo nzuri zaidi, lakini mfuko wake uliishia kwenye hiyo. Akalikandamiza tandiko, likanesa vizuri, akatabasamu. Kisha akabana breki. Mkono wa breki ukalala mpaka kwenye usukani bila kukamata kitu.

"Breki iko wapi, kaka?"

Muuzaji akainua mguu, akamwonyesha soli ya katambuga yake, ile sandali ya tairi la gari. Katikati ilikuwa imelika mfereji.

"Iko hapa, mwalimu. Ukifika mteremkoni unabana soli kwenye tairi la nyuma. Sisi tunashuka hivyo na mikungu ya ndizi."

Mwalimu akaviangalia viatu vyake vya kung'aa. Akaiangalia barabara inavyotumbukia bondeni, kokoto tupu.

"Nitaichukua," akasema kwa sauti ndogo. "Ila niongezee na hizo katambuga."

Muuzaji akaushusha mguu haraka. "Hizi hapana, mwalimu. Na mimi jioni nina mlima wa kushuka."

Ndugu msomaji, siku hizi nikisikia kengele ya baiskeli nyuma yangu mteremkoni, kwanza naruka mtaroni. Nikishakuwa salama, ndipo nageuka kuangalia mwenzangu amevaa nini miguuni.