Nilivyopaki shared library ya Linux, cherehani ya shemeji ikagoma Kabasa

Wakuu, nawasalimu kutoka Mukendo, Musoma. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na shahidi yupo Bunda, anacheka mpaka leo.

Mnijue kwanza. Nimeishia shule ya msingi, Butiama. Kompyuta nimejifunza kwa kufungua mbovu za watu. Leo uliza fundi wa Linux mjini hapa, utaletwa mlangoni kwangu. Najisifu ndiyo, nimsubiri nani?

Sasa, shemeji yangu Mama Rhobi, mdogo wake mke wangu, yuko Kabasa, huko huko Bunda. Ana cherehani ya kompyuta, anadarizi nembo kwenye masweta ya shule. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake, nilimwekea mimi.

Program inayoiongoza cherehani inategemea library moja, tuiite libnembo. Library ni mzigo wa kazi ambazo program nyingi zinaazima, badala ya kila moja kubeba zake.

Libnembo ikatoka mpya. Distro yetu, yaani aina ya Linux tunayotumia, bado ilikuwa na ya zamani, aliyeitunza kaitelekeza. Nikaomba niichukue mimi. Wenye distro wakakubali, ila mkaguzi wao aipitie kwanza.

Package, yaani kifurushi kinachobeba library mpaka kwenye kompyuta, iliitwa libnembo1. Hiyo 1 nikaona ni urembo tu! Nikaacha jina lile lile, ndani nikatoa ya zamani, nikaweka mpya.

Ikajijenga bila error hata moja, nikamtumia mkaguzi. Wakuu, nilitembea dukani kwangu kifua mbele.

Mkaguzi hajajibu, mimi huyo Bunda, shemeji aonje wa kwanza.

Nikaiweka kwenye kompyuta yake, program ikakataa kufunguka. Inatafuta faili la library linaloishia .so.1, ndiyo ile 1 ya kwenye jina, mimi nimeleta .so.2 peke yake.

Na shule zinafunguliwa kesho yake. Masweta yamelala mezani hayana nembo.

"Shemeji, si ulisema Mara nzima hakuna kama wewe?"

"Subiri kidogo. Mpya imekuja, ya zamani nimeitoa."

"Umeitoa? Program yangu ilikwambia imeichoka?"

Akaanza kucheka, kashika meza.

"Baba yetu alipoongezaga mke alimjengea nyumba yake. Hakumtoa mama jikoni. Wewe umemfukuza mke mkubwa, watoto wanarudi kula wanakuta mgeni!"

Hapo nikaelewa kuliko maelezo yote niliyosoma ya Kiingereza. Na mimi nimekulia mji wa namna hiyo. Kila mama ana nyumba yake, na watoto wanajua wanakula wapi.

Nikarudisha libnembo1 ya zamani palepale. Program ikafunguka, sindano ikaanza kulia. Masweta yakawahi.

Nikarudi Musoma, ya kwangu nikaiita libnembo2, nikaituma upya. Sasa zote mbili zinakaa kompyuta moja bila ugomvi. Program za zamani zinakula kwa 1, mpya zinakula kwa 2.

Nafungua email, mkaguzi ameandika: namba ya library imebadilika, badilisha na jina la package. Nikamjibu, "Mzee, ilishabadilishwa." Akaikubali!

Nilichojifunza: package kujijenga siyo mtihani. Mtihani ni ile program inayoitegemea. Ijaribu hiyo kabla hujaenda kutamba kwa mashemeji.

Waliowahi kupaki library, mwageni yenu hapa chini. Wa kubisha nao karibuni, ila mje na package iliyokubaliwa.