Mchoma Taka Aliyeunyonga Moto

Elieza alikuwa mchoma taka wa kambi ya reli Dodoma, enzi za Mjerumani, wakati gari moshi lilikuwa jipya na watu bado wanalikimbilia kulitazama. Mtu mwema, mcheshi, lakini moto hajui. Yaani anajua wa zizini tu. Kwa mfugaji wa Kigogo kama yeye, moto mzuri ni ule unaofuka: unaufunika samadi mbichi, moshi unatanda, nzi wanakimbia, ng'ombe wanatulia. Basi na kwenye shimo la kambi akafanya hivyo hivyo. Maganda mabichi, bendeji za wagonjwa, magunia ya lami, vyote humo, juu kafunika kwa samadi. Moshi mweusi tii! Yeye pembeni, anajisifu.

Upepo uliupeleka kijiji cha jirani, Kikuyu, moja kwa moja kwenye nyumba yake ya tembe. Mkewe Loisi, mimba ya miezi saba, alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Baba we, nakupenda. Ila kesho huo moshi ukija tena, naenda Mvumi kwa mama yangu. Nitazalia huko."

"Moshi unafukuza nzi, Loisi."

"Na mke pia."

Asubuhi Elieza akamfuata Batuli, mfinyanzi wa Kirangi aliyechoma vyungu jirani na kambi.

"Shikamoo, mama. Mbona moto wako hauna moshi?"

"Marahaba. Mimi nachoma vyungu, sifukuzi nzi!" Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Wewe unaunyonga moto, mwanangu. Upe pumzi. Kibichi anika kwanza. Maganda wape mbuzi. Hayo ya lami usichome kabisa, fukia."

Elieza akapanga mawe shimoni ili upepo uingie kwa chini, akaweka kuni kavu, akawa anatia bendeji zilizokauka kidogo kidogo.

Jua likapanda. Kule Kikuyu Loisi akatazama upande wa kambi: hakuna moshi. Kama hakuna moshi, basi Elieza hayupo kazini. Kafukuzwa, au kalazwa chini anakula kiboko! Akatoka mbio, tumbo kalishikilia.

Akamkuta kachuchumaa mbele ya moto mweupe.

"Wamekufukuza?"

"Nani? Si nachoma hapa!"

"Sasa moshi uko wapi?"

"Nimeukatalia."

Loisi akavuta pumzi. Kikohozi hakikuja. Akavuta nyingine, ndefu, kisha akajishusha taratibu chini karibu na mumewe.

"Mvumi kwenyewe mbali," akasema, "na miguu imenivimba. Nitazalia hapa hapa kwetu tu."