Kuku ya Makala ku Njia ya Iga

Asubuhi hii mujukuu wangu alitwaa makala ya moto ku jiko, akachora kuku ku ukuta yangu hapa Mudzipela, mu Bunia. Ukuta nilitoka tu kupaka chokaa! Nilitaka kumupiga na mwiko ya bugali. Kisha nikaona mudomo ya ile kuku inaangalia barabara, nikaikala chini. Vuta kiti, rafiki, nikuelezee. Na usinicheke eti bibi gani iko kijana hivi: kwetu tulizaa mapema. Wakati ya vita nilikuwa mutoto wa kubeba maji.

Kule Djugu, mavuno ikiisha, wamama wanapamba nyumba na udongo nyeupe, udongo nyekundu, makala. Koko yangu, mama ya mama, alikuwa anachora kuku tu. Akitoka, mudomo ya kuku inaangalia kwenye ameenda. Akiwa ndani, kuku inakuangalia weye na macho mbili. Hakusoma hata kidogo, na miye nilifika tu mwaka ya pili ya masomo. "Kuku haidanganyi," njo maneno yake.

Vita ikaingia. Siye tulikuwa Bunia, mutaa ya Lumumba, koko alibakia kule Djugu, mbele ya Iga Barrière. Mama akaacha kukula. Njo noko, kaka ya mama, akawasha pikipiki yake ya kubeba bidon, madumu ya mafuta, akanipandisha nyuma tuende kumutwaa koko. "Watu wakiona mutoto hawataogopa." He! Ile pikipiki ilikuwa inalia kama mashini ya kusaga mihogo.

Miye nilikuwa na furaha, nisikudanganye. Safari! Iga tulikula makemba, ndizi ya kuchoma, na karanga, mafuta ikanishuka mpaka ku kiwiko.

Kisha kupita Iga, mutu hapana. Kijiji ya kwanza, milango wazi, maji ingali inacheza mu ndoo. Ku ukuta, nyota ya udongo nyeupe, nusu yake tu, bado mubichi, vidole za mutu zinaonekana. Noko akapiga hodi. Kimya. Hata mbuzi hailii. Maharagi ilikuwa inatokota peke yake ku moto.

"Mwenye nyumba, utusamehe, njaa," noko akaambia mulango. Tukakula kidogo, akaacha chumvi ku jani, sababu ukikula kwa mutu mwenye haiko, unaacha kitu. Chumvi, wakati ile! Upepo haikukuwa, lakini mihogo ilikuwa inatikisika. Nilisikia macho ku mugongo.

Kijiji ya pili, vile vile. Moto inawaka, watu hapana.

"Noko, wameenda wapi?"

"Nishike nguvu, nyamaza."

Kwa koko, kuku ilikuwa ku ukuta. Macho mbili. Noko akazima pikipiki. Ndani giza, kitanda tupu. Akaanza kulia, mwanaume muzima. Njo sauti ikatoka chini ya kitanda:

"Ile kitu imenyamaza?"

"Mama! Kitu gani?"

"Pikipiki yako, mujinga weye! Wale wa kuchoma nyumba wanakuja na pikipiki. Munatafuta watu na munawafukuza!"

Weye! Kumbe siye njo tulikuwa tunamaliza vijiji.

"Na kuku ku ukuta, mama? Hawatakuona?"

"Wale hawajui kusoma kuku."

Koko akafuta jicho moja ya kuku, akageuza mudomo ku njia ya Bunia, akapanda pikipiki. Noko alisukuma ile pikipiki imezimwa, jasho inamwagika, koko juu ya kiti anamucheka. Na watu wakaanza kutoka mu mihogo, moja moja. Ku kijiji ya kwanza, mama wa maharagi alikuwa amerudia nyota yake. Akanishika shavu na mukono ya udongo. "Chumvi yenu ni tamu. Sasa mukule mukiwa mumeikala."

Zile kuta hazipo tena. Moto ilikula zingine, mvua ikamaliza, na wenye nyumba wako chini ya bâche, hema ya wakimbizi. Bunia sasa pikipiki ni kama nzi, lakini moja ikinyamaza karibu na mulango, moyo yangu nayo inanyamaza.

Njo nikatwaa ile makala ku mukono ya mutoto. Nikafuta ile mudomo ya kuangalia barabara, nikageuza kichwa ya kuku, nikatia macho mbili.

"Bibi, inaangalia nini?"

"Inasema tuko ndani."