Mapigo Kumi na Tisa ya Rosalina

Pale Likombe hakuna aliyejua Leonel anafanya kazi gani. Wenye pasi zilizokufa walimletea pasi, waliosahau namba za siri walimletea simu. Alipojaribu kumweleza mama yake, Ines, mama akaenda kuisimulia kwenye jumuiya kama alivyoielewa: mwanangu anazihesabia kazi kompyuta ambazo hazipo. Wanajumuiya wakamwombea.

Na mama hakukosea sana. Ndani ya kompyuta moja ya kweli zinaweza kuishi kompyuta kadhaa za kuigiza, ziitwazo mashine pepe, kila moja ikijiona ina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, yake peke yake. Prosesa ya kweli ina vihesabio vinavyohesabu amri zilizotekelezwa. Mashine pepe nayo ikiuliza, "Mimi nimetekeleza ngapi?" ni kiini cha mfumo endeshi, programu kuu inayozisimamia zote, kinachopaswa kuijibu, tena bila kuichanganyia kazi za wenzake. Leonel ndiye aliyekuwa akikifundisha kiini hicho kujibu, akiifanyia kampuni moja ya mbali akiwa chumbani kwake.

Alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu, nayo yalikwisha Ijumaa hiyo saa sita mchana. Sharti lilikuwa moja: mashine pepe itekeleze amri milioni moja, kihesabio nacho kiseme milioni moja, basi. Cha Leonel kilipungua saba. Kila mara saba, si sita wala nane. Akishindwa, Jumatatu anaripoti bandarini, ambako kaka yake Jasinto alishamwombea nafasi ya kuhesabu magunia ya korosho.

"Angalau magunia yapo," Jasinto alisema.

Leonel aliipenda kazi yake kupita kiasi, na wazo la magunia lilimtia homa.

Saa nne Ijumaa akatoka kwenda uani kichwa kimemvurugika, akaketi kwenye kigoda. Mama yake na jirani yao Rosalina walikuwa wakitwanga makopa ya muhogo kwenye kinu kimoja, mchi huu ukipanda ule ukishuka. Mazoea yana taabu: Leonel akajikuta anahesabu mapigo ya kila mmoja. Katikati kanga ya Rosalina ikalegea.

"Nipokee, mama Leonel!"

Ines akaudaka mchi wa mwenzake, akatwanga kwa mikono yote miwili mpaka Rosalina alipomaliza kujifunga.

Unga ulipolainika na kumiminwa kwenye ungo, Leonel akatangaza matokeo kana kwamba kuna aliyemwuliza. "Mama, mia tatu kumi na tisa. Mama mdogo, mia mbili themanini na moja."

Rosalina akashika kiuno. "Mwongo wewe! Mia tatu kamili. Yale kumi na tisa umeyapeleka wapi?"

"Yale kapiga mama."

"Kwa mchi wangu, kwenye zamu yangu, nilipomwomba. Anayekupokea mchi anakutwangia wewe, mwanangu. Mapigo ni ya mwenye zamu. Hukufundishwa nyumbani?"

"Hakufundishwa," alisema Ines, akimgeuka mwanawe mchana kweupe.

Leonel akakikumbuka kihesabio chake. Zipo amri ambazo mashine pepe hairuhusiwi kuzitekeleza yenyewe. Ikizifikia, kiini huipokea, huitekelezea, kisha huirudishia zamu. Prosesa haizihesabu, maana haikuiona mashine pepe ikizifanya, na Leonel naye hakuwa amemwandikia yeyote mapigo hayo. Ndizo zile saba! Akaruka kama aliyekalia siafu, teke likaupata ungo, unga wote ukamwagika, nusu mchangani na nusu juu yake. Akakimbilia ndani mweupe pe, akaandika mstari mmoja: kila kiini kinapoitekelezea mashine pepe amri, iongezewe moja.

Milioni moja kamili. Akatuma saa sita kasoro dakika nane. Jibu likaja kwamba kazi imekubaliwa na mkataba unafuata. Leonel alilia kwa furaha bila aibu, unga ukageuka uji usoni, kisha akampigia Jasinto kumwambia magunia yatafutiwe mtu mwingine.

Aliporudi uani aliwakuta wanawake wale wawili wamekaa kivulini, kinu kimejaa makopa mapya.

"Twanga," mama alisema.

Akatwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge, wao wakimcheka.

"Nimefikisha mangapi?" aliuliza, akihema.

"Mimi mia tatu," alisema Rosalina. "Mama yako mia tatu."

"Na mimi?"

"Wewe sifuri, baba. Umetupokea tu."